Upindo wa Kushoto

Mpendwa dada Salma,

Nimekaa kitandani kwako, hapa nyumbani Al Amerat, na kabati lako liko tupu. Mama amezitoa nguo zako zote sadaka, hata abaya ya chuo. Nakuandikia kwa sababu ya abaya hiyo, maana ukweli wake tunaujua mimi na wewe tu.

Unazikumbuka zile Ijumaa ulipokuwa umelazwa kwa maumivu ya selimundu? Tukiangalia filamu moja tu, ile ya Kireno ya zamani, isiyo na rangi, ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaozunguka na magitaa na kuimba chini ya madirisha. Mara ya kwanza kuyaona majoho yao meusi ulicheka mpaka nesi akaja. "Mtazame huyo! Mwanamme mzima kavaa abaya yangu!" Kireno hatukukijua, lakini nyimbo tulizikariri vivyo hivyo, na Baba akasema tunaimba kama paka wa soko la samaki Sib.

Wewe ndiye uliyesoma mahali kwamba wanafunzi wale wakimaliza chuo huchaniwa pindo za majoho: marafiki upande wa kulia, familia upande wa kushoto. Ukaniambia, "Siku nkimaliza, wewe ndo utanchania kushoto. Lakini usichane sana, Mama atatuua." Nikakuahidi.

Ulifariki umebakiwa na muhula mmoja.

Siku ya hitma yako, wageni wakiwa ukumbini, niliingia chumbani nikaitoa abaya yako nikaichana. Kidogo tu, kama upana wa kiganja. Sikulia. Nilikuwa natimiza ahadi.

Mama akanikuta na upindo mkononi. Unajua sote tumefunzwa tangu udogoni kwamba kuchana nguo kwa msiba ni haramu. Uso ulimwiva. "Watu wako nje wanamsomea dada yako, wewe wachana nguo? Ujahili huu nani kakufunza?"

Ningesema nini? Ningesema nimefunzwa na filamu? Nilinyamaza, naye akaona nina kiburi. Akaishona mwenyewe kwa uzi mweusi, bila kuniangalia, akaitia kwenye mfuko wa sadaka pamoja na nguo zako nyingine.

Tangu hapo tunazungumza ya chakula na skuli, basi. Nikienda Sib natazama pindo za wanawake, upande wa kushoto, nikiutafuta mshono wa Mama. Najua ni upuuzi. Mwakani mimi nami naingia chuo, inshallah, lakini joho langu atalichana nani? Siku nyingi sioni hata sababu ya kufungua kitabu.

Jana Mama alikuwa akikunja upindo wa sare yangu. Akauliza, bila kuinua uso, "Ile filamu yenu, mlikuwa mkicheka nini?"

Alisubiri, kisha akaukata uzi kwa meno.

"Basi Ijumaa nionyeshe."

Ijumaa ni kesho. Nitakaa kushoto kwake, na majoho yale yakitokea nitajaribu kumwambia. Nikishindwa kusema, nitaimba, hata kama paka.

Lala salama, dada. Mola akupe nuru huko uliko.

Mdogo wako,
wa upande wa kushoto