Picha Isiyosomeka Bila Kulia

Jumatatu, 1 Septemba

Baridi. Chai ya ofisi ni maji ya kuoshea vikombe. Nimefungua ripoti ya picha kama kila Jumatatu. Masanduku na mistari: nini kimeunganishwa na nini kwenye mainframe yetu, ile kompyuta kubwa ya kampuni. Juu mashine yenyewe, chini makabati ya diski yenye rekodi za wanachama wote wa bima. Picha ni pana kuliko skrini. Unaona kipande, unabonyeza kitufe cha kumi na moja, unasogea kulia, unaona kipande kingine. Mtoto wa nasari angeelewa.

Injinia haelewi. Ndiye mkubwa wetu mpya, ametumwa kutoka Nairobi, na anataka aitwe Injinia hata akiwa msalani. Leo alisimama nyuma yangu na marashi yake, akasema picha ni nzuri, nimtumie. Hakuuliza inasomwaje. Nilimtumia.

Jumanne, 2 Septemba

Amechapisha skrini ya kwanza. Ya kwanza tu! Kwa rangi. Ameifunika kwa plastiki na kuibandika ukutani nje ya ofisi yake. Mistari inafika ukingoni na kufia hapo. Yeye anaitazama kama picha ya harusi.

Nilicheka hadi Wekesa akauliza kuna nini. Wekesa ni opareta. Yeye huwasha na kuzima. Mimi huifahamisha mashine kipi kimeungwa wapi. Tumekaa naye chumba kimoja miaka mingi, na kila Ijumaa huniletea mahindi ya kuchemsha kutoka kwake Lanet. Nilimwonyesha ile plastiki. Alicheka kidogo, kwa adabu. Ni mpole mno, na upole huo utamponza.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkutano. Injinia ametangaza kwamba kabati la nne linakula stima bure. Lizimwe Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Ushahidi wake ni plastiki. Kwenye plastiki kabati la nne limesimama peke yake, halina hata mstari mmoja.

Bila shaka halina. Mstari wake unatokea skrini ya pili. Kabati la nne ndilo lenye rekodi za kadi. Mgonjwa akitoa kadi hospitalini, linaloulizwa ni hilo.

Nikasema, "Injinia, hiyo picha haisomeki bila kulia."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Yeye alidhani namwambia alie. Akavimba. Akasema hapa si mahali pa vichekesho, na uamuzi umeshapita.

Kompyuta ilikuwa mbele yangu, picha imefunguliwa. Kitufe kimoja tu. Nilikunja mikono. Aombe. Mtu wa digrii mbili aombe kuonyeshwa, hata mara moja, hatakufa.

Ijumaa, 5 Septemba

Wekesa alikuja na mahindi na wasiwasi. Yeye ndiye atakayezima. "Madam Jeruto, hii kabati ya nne iko sawa kweli? Si jana ulikuwa unasema..."

Nikamwambia amuulize Injinia. Alisimama kidogo, kisha akaenda.

Injinia haulizwi, najua. Ninachongoja mimi ni Jumatatu, nimwone akiwaeleza wakurugenzi na plastiki yake mkononi. Nimeshapiga pasi gauni la buluu.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mchungaji alikwama kwenye safina ya Nuhu. Simu ikatetemeka. Wekesa. Nilijua mara moja: mashine imekataa kuziachilia diski kwa sababu zinatumika, na anatafuta mtu wa kumwambia asimame. Niliitazama ikitetemeka mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Nikaisukuma ndani ya pochi.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wimbo uliofuata niliimba kwa sauti.

Nilipofika nyumbani kadi zilikuwa zinakataliwa kila mahali. Mama Brayo, jirani yangu hapa Section 58, alikuwa amerudishwa kutoka hospitali bila dawa za sukari za mama yake. Alinifokea mlangoni kana kwamba kampuni ni yangu. Nikaenda ofisini na nguo za kanisa.

Wekesa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Mashine ilimkatalia. Injinia akamwambia kwa simu alazimishe. Akalazimisha. Tuliliwasha kabati pamoja, tukarudisha diski moja baada ya nyingine, na jioni kadi zikaanza kukubali. Hakunitajia zile simu mbili. Nami sikuzitaja.

Jumatatu, 8 Septemba

Plastiki haipo ukutani. Zimebaki alama za gundi.

Injinia ni mjinga wa picha, si mjinga wa wakubwa. Amewaambia wakurugenzi kwamba opareta alilazimisha kuzima huku mashine ikimkataza. Hapo hakusema uongo hata kidogo. Aliyemwamuru hakutajwa. Amri ilikuwa ya mdomo, na mkutano unakumbukwa kwa kichekesho changu.

Nilipanda kwa mkurugenzi, nikasema yote. Alisikiliza vizuri. Akauliza kama nilimwambia Injinia. Nikasema ndiyo, mbele ya watu wote. Akauliza kama nilimwonyesha.

Nilitazama zulia lake. Gauni la buluu linanibana kwapani.

Jumatano, 10 Septemba

Wekesa ameachishwa kazi.

Injinia amebaki. Wakurugenzi wanakunywa chai kwenye vikombe vya wageni. Wote takataka, kuanzia juu hadi getini. Nimeandika hivyo nikasoma tena, nikitarajia nijisikie vizuri. Sijisikii vizuri. Getini yuko mzee Sang, hajamkosea mtu.

Kiti cha Wekesa bado kimegeuzwa upande wangu, jinsi alivyokuwa akikigeuza tukianza kumsengenya Injinia. Mimi ndiye niliyekuwa nasengenya. Yeye alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Wekesa alikuja kuchukua sweta na thamosi yake. Alimsalimia kila mtu, hata Injinia. Akafika kwangu, akaweka mfuko wa mahindi mezani. Bado ya moto.

"Madam, nilikupigia."

"Niliona."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akaaga, akaenda. Sikumsindikiza hata mpaka kwenye ngazi.

Alasiri Injinia alikuja akivuta kiti. Hakuwa na marashi. Alikaa kando yangu, akasema polepole, "Madam, nionyeshe tu. Hiyo picha sijui kuisoma."

Nimeingoja sentensi hiyo tangu aje. Nilikuwa nimeitungia majibu mengi, moja kali kuliko lingine.

Nilibonyeza kitufe. Picha ikasogea, na mstari wa kabati la nne ukatokea, mzima, kutoka juu hadi chini.

"Kumbe," akasema.

Ilikuwa haraka kuliko kupuliza chai. Alishukuru, akarudisha kiti mahali pake, akaondoka.

Mahindi yamepoa. Sikuirudisha picha kushoto. Nilibaki pale pale, kulia.