Daktari Hakuua

Jumapili

Kumbe miaka yote nimemsingizia daktari.

Ile sinema ya Kiitaliano ya muuaji mwenye glavu nyeusi nimeitafsiri kwa maikrofoni hapa kwenye kibanda changu cha video, Nsambya, tangu enzi za kanda. Kanda ilichakaa, mwisho wake ni giza tupu, nikaamua mwenyewe kwamba muuaji ni daktari. Watu walipiga makofi.

Leo nimeonyesha diski mpya, picha imesafishwa mpaka inang'aa. Sikuitazama kwanza. Niitazame ya nini? Nikatangaza mapema, kama kawaida yangu: "Mwangalieni muuaji, daktari huyo!" Mwishoni glavu zikavuliwa. Si mikono ya daktari, ni ya yule mjane wa sinemani, kucha nyekundu.

Niliogopa, nakiri.

Afande Ocen, polisi mstaafu asiyekosa kiti cha mbele, akageuka. "Ndugu, si ulituambia daktari?"

"Afande," nikajibu kwenye maikrofoni, "umepatikana ushahidi mpya."

Walicheka mpaka mabati yakatikisika. Jumamosi naionyesha tena, na daktari namwachia huru mwenyewe, kwa sauti hii hii.

Ila Afande hakucheka. Mlangoni alinishika mkono, hakuuachia haraka.

"Una bahati," akasema. "Kesi zangu mimi hazina diski mpya."