Kanzu ya Baba Mkwe Imewatia Watu Manjano

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijafunga studio nikarudi kulima, maana hapa Muleba nikipita sokoni naona kama kila mtu ameshaiona ile picha. Mimi ni mpiga picha, mchumba wangu anaitwa Buberwa, na wazazi wake walifanya jubilei ya ndoa, misa Rubya na sherehe nyumbani kwao, nami nikajitolea picha zote, za kanisani nikapiga mwenyewe, za nyumbani nikamwachia mwenzangu Gamaliel ili niandae chakula nionekane mkamwana wa maana. Sasa za kanisani zikatoka na unjano kidogo kwa sababu ya taa, za nyumbani zikatoka za bluu kwa sababu watu walikaa chini ya turubai la bluu, na albamu ni moja, ikabidi nizifananishe rangi kwenye kompyuta. Kwenye ile programu unabofya kitu cheupe, yenyewe inapanga rangi nyingine zote kutokea hapo, nami nikaona hakuna cheupe kama kanzu ya baba mkwe, Mzee Mwijage, iko kila picha na inang'aa, nikabofya kanzu picha baada ya picha, macho kwenye kanzu tu, zikafanana zote kama mapacha, nikazirusha kwenye grupu la ukoo kwa furaha.

Mshauri, watu wote manjano! Shangazi yao Annastella akapiga simu kutoka Bukoba mjini, "Waitu jamani, mama Buberwa yuko wodi gani? Mbona hamkutuambia kama anaumwa ini?" Mama mkwe akajitoa kwenye grupu. Nimekuja kugundua kanzu ilifuliwa kwa buluu, ile rangi inayotiwa kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe zing'ae, na programu ilipoiondoa ile buluu ikamwaga unjano usoni kwa kila mtu. Na aliyeifua ni mama mkwe mwenyewe, anayesifika kijiji kizima kwa kufua. Nikisema ukweli nimemtukana kwamba hajui kufua, nikinyamaza mimi ndiye sijui kazi, Buberwa anasema nimsingizie Gamaliel, na wiki ijayo ndiyo wanakuja kwetu Maruku kujitambulisha, na mama mkwe amesema haji. Nampenda Buberwa, na mama yake nampenda. Nifanyeje?

Agnetha, Muleba

Agnetha, pole, ila nimecheka mpaka chai imenimwagikia.

Kwanza mwache Gamaliel na amani yake. Yeye alipiga, wewe ndiye uliyebofya. Na huyo Buberwa anayekufundisha kusingizia watu hata hajakuoa, mkalishe chini mzungumze.

Sasa wewe. Umekulia nyumba yenye buluu kwenye beseni, umesuuza mashuka ya kwenu tangu una akili, halafu unaiuliza kanzu ikuambie uso wa mama ukoje? Uso wake unaujua. Ungeutazama mara moja tu tusingefika huku.

Rudi kwenye picha za mwanzo, natumaini hukuzifuta. Tafuta moja ambayo mama amesimama nje kivulini, mbali na lile turubai, uirekebishe kwa kuangalia uso wake mpaka useme mwenyewe, "Huyu ndiye." Nyingine zote zifuate hiyo. Kanzu ikibaki na ubluu wake iache, ndivyo ilivyokuwa siku ile. Kisha chapisha moja kubwa. Usiirushe kwenye simu, yaliyotoka kwenye simu yanatosha. Ipeleke mwenyewe, kesho, upige magoti umsalimie kama ulivyofundishwa kwenu.

Halafu sema ukweli, maana ukweli wenyewe ni sifa: "Mama, kanzu uliyoifua imezidi weupe wote ambao kompyuta inaujua. Nikaiamini kanzu, nikasahau kukuangalia wewe. Nisamehe." Hapo hakuna uongo hata kidogo. Na mwanamke anayesifika kijiji kizima kwa kufua akiambiwa hivyo, sidhani kama atabaki nyumbani wenzake wakienda Maruku.

Na harusi yako ikifika, kanzu ya bwana harusi afue mama mkwe, picha apige Gamaliel. Wewe siku hiyo usibofye kitu.