Mtoto Asiyelia

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya watoto. Foleni hadi mlangoni. Nashipai, binti wa wafugaji nje ya Msowero, kamleta mwanawe wa kwanza. Alijifungulia hapa zahanati Ijumaa, kilo 2.1. Leo 1.95. Siku za mwanzo hupungua. Nimemwambia amnyonyeshe kila akilia.

Alhamisi, 6 Machi
Kilo 1.8. Sielewi. Hana homa. Kitovu kikavu. Maziwa ya mama yapo, yanalowanisha shuka. Nikahisi mama mkwe wake, aliyekuja naye, anampa mtoto maziwa ya ng'ombe. Nikamuuliza. Amekana. Sikumwamini.
Nimeandika rufaa ya hospitali ya Kilosa. Mvua imekata barabara. Nimewalaza hapa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekaa nao asubuhi, naangalia tu. Saa tatu mtoto amelala. Saa nne amelala. Saa tano, bado.
Mama mkwe naye anaangalia. Shikamoo yangu kaitikia kwa shida, na ana haki. Nikamuuliza anachokijua yeye: ndama dhaifu mnamfanyaje?
"Tunamwinua. Tunamkamulia mdomoni."
"Hata asipolia?"
"Asiyelia ndiye anayekufa. Huyo hatumsubiri."
Akamgeukia mjukuu wake.
Nashipai akasema taratibu, "Nesi, wewe ulisema akilia."
Nilisema. Mtoto mdogo hivi hana nguvu ya kulia kwa njaa. Nilifundishwa chuoni. Foleni ikanisahaulisha. Aibu. Nimemwomba radhi Nashipai, kisha mama mkwe.
Tumemwamsha. Maziwa ya mama kwenye kikombe, tone kwa tone. Kila baada ya saa mbili. Kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Jumapili, 9 Machi
1.8 ileile. Haijashuka. Barabara bado. Naogopa.
Mimi humwamsha kwa kumpapasa shavu. Bibi humkuna nyayo, na mtoto hufumbua macho upesi zaidi. Kwa nini? Sijui. Sasa nami nakuna nyayo.

Jumatano, 12 Machi
1.92. Nimepima mara mbili. Barabara imefunguka. Daktari wa Kilosa kasema kwa simu tuendelee hapahapa, ila nisichoke kupima.

Ijumaa, 14 Machi
Kilo 2. Ananyonya mwenyewe, anameza kwa sauti. Wanarudi nyumbani; Jumatatu nitamwona tena.
Kabla ya kuondoka bibi aliomba ampime mtoto yeye mwenyewe. Nikamwonyesha mshale. Akamlaza mtoto kwenye mizani, akautazama. Akamtoa. Akamrudisha, aone kama utasema vilevile.
Ulisema vilevile.