Jaketi la Ligi ya Marekani

Jumanne jioni, Malvern

...Mwalimu Kamau akaliona jaketi, akanishika bega: "Dezire, mbona ulinificha? Kumbe na wewe ulikimbia kule Marekani!" Eish, nikaitikia kwa kichwa tu. Ni aibu iliyojibu, siyo mimi.

Jaketi nililitoa kwenye belo la mitumba asubuhi, nikalivaa ili wateja walione. Kumbe ile nembo ya kifuani ni ya ligi ya michezo ya vyuo vya watu weusi Marekani. Mimi niliishia darasa la nne, ningejuaje? Mwalimu Kamau, yule Mkenya wa chuo kikuu, alisoma kulekule. Machozi yakamlengalenga. "Jumamosi utakimbia mbio za makanisa, upande wa kanisa letu!"

Shangazi, mwenye meza ya mitumba ninayouzia, badala ya kuniokoa akachochea: "Huyu? Alikuwa moto! Goti tu ndilo lililomwangusha."

Basi nikachechemea mpaka tulipofunga. Nilicheka ndani kwa ndani, sikatai. Ila Mwalimu ndiye mteja pekee anayeniita kwa jina. Akijua nimemdanganya...

Naacha hapa. Shangazi ananiita, Mwalimu yuko getini na dawa ya kuchua goti, na mimi sikumbuki nilichechemea mguu gani.