Nyumba Isiyo na Maswali

Goma, Katoyi, tarehe 15 Mei 2000

Mama yangu mupenzi,

Ninakusalimia sana, wewe na papa na wadogo zangu wote. Njia ingekuwa wazi ningekuja mwenyewe mpaka Butembo. Sasa acha karatasi hii ipige magoti mbele yako kwa niaba yangu. Muguu wako unaendeleaje? Na ile mbuzi nyeupe ya mahari, imekwisha kuzaa? Sisi huku tuko wazima. Kakule, yule muuzaji wa maharagwe, anasema wiki hii atajaribu kupita Kanyabayonga kama askari wa pande zote mbili watamuruhusu, ndiyo maana ninaandika haraka.

Mama, nimeolewa vizuri! Ninajua nilikuandikia hivyo katika barua ya kwanza na ya pili, lakini niache niseme tena. Bwana wangu Nsanzimana anaamuka mbele yangu, anawasha makala jikoni, ananiletea chai kitandani, mimi binti yako uliyekuwa unaniamusha kwa ufagio! Viatu vyangu vya misa anavipaka kiwi mwenyewe. Na ile sauti yake, mama! Jumamosi saa kumi, kipindi chake cha radio kikianza, wanawake wanaacha kutwanga. Anaketi na watu wakubwa wa muji, na wale ambao vita imewatupa hapa: madaktari, wachongaji, waimbaji, waalimu wa chuo kikuu. Anawauliza maisha yao kwa upole mpaka hata mwenye kiburi anasimulia habari za nyanya yake. Mimi ninasikiliza jikoni peke yangu, radio juu ya gunia ya makala, na ninajiambia: mwanaume huyu ni wangu.

Jirani yangu mama Ernestine ananichokoza kila tunapokutana kwenye bomba la maji. Anasema masikio yangu lazima yanauma, maana kama wageni wanaulizwa maswali makumi mbili kwa saa moja, je, bibi wa nyumbani anaulizwa mangapi mpaka asubuhi? Wamama wanacheka. Ninacheka nao, ninabeba bido yangu ya maji, ninarudi.

Ukweli ni huu, mama. Siku ya pili ya ndoa yetu aliniambia neno ambalo niliona tamu kuliko yote. Alinieleza kwamba yeye na papa yake walipokimbia kutoka Rutshuru, kwenye kila bariere iliyofunga njia waliulizwa: jina lako nani, kijiji gani, babu yako aliitwa nani, unakwenda kwa nani. Kwenye bariere ya tano papa yake alijibu ukweli, na hawakumuacha apite. Wengine waliambiwa waendelee na safari bila kugeuka nyuma. Basi aliapa kwamba siku atakapopata nyumba, mutu akiisha kuingia mulango wake hataulizwa kitu tena. Akasema: humu ndani, Kaswera, hakuna bariere. Nililia kwa furaha. Niliona nimepewa zawadi ambayo hakuna bibi mwingine wa Goma amepewa.

Na ameshika neno lake. Hajaniuliza hata siku moja nimelala namna gani. Nikichelewa kutoka soko, anafurahi tu kuniona. Siku ile bomu zilisikika upande wa Masisi, na mimi nikaanza kuwaza ninyi huko mbali, machozi yakanitoka. Alinifunika kitenge mabegani, akaketi karibu yangu, akanyamaza. Upendo upo, mama, ninauona kwa macho yangu. Lakini siku hizi ninaongea na sufuria. Ninaiuliza kama imechoka, halafu ninajibu mimi mwenyewe.

Sasa nikuambie habari ya kaye ya bluu, daftari lake la kazi. Kwa sababu nilimaliza masomo ya sekondari na mwandiko wangu ni mzuri, mwezi wa pili wa ndoa alinipa kaye hiyo nimutayarishie maswali ya wageni. Yeye hayasomi mbele. Anasema akiyajua mapema, sauti yake inachoka, na mugeni anasikia. Anafungua kaye pale pale mbele ya mikro, anasoma. Basi, mama, nikaanza kuingiza maswali yangu.

Muzee Adalbert, yule anayechonga misalaba, niliandika aulizwe ni nani anayemuuliza habari za kazi akirudi nyumbani. Muzee alijibu kwamba bibi yake humuuliza kabla hajavua viatu, na siku asipouliza, atajua kwamba ni yeye mwenyewe amekwisha kufa na anaingia kama muzimu. Mwalimu anayechunguza volkano, niliandika aulizwe kama mulima ukinyamaza muda mrefu ni amani ao ni hatari. Alijibu kwamba kunyamaza si kulala, ndiyo maana wanaweka vyombo vya kuusikiliza muchana na usiku. Nsanzimana alimushukuru sana kwa jibu hilo. Akarudi nyumbani, akala samaki zake za sambaza, akanisifu kwa mapishi, akanyamaza.

Mama, nina mimba ya miezi mitatu. Sikumuambia. Nilitaka aniulize.

Jumamosi iliyopita mugeni alikuwa docteur Béata, mama anayeshona vidonda vya majeruhi wa vita. Swali la saba lilikuwa langu. Nikasikia bwana wangu analisoma kwa sauti ile nzuri: docteur, mwanamuke akiwa na mimba ya miezi mitatu, kila asubuhi anatapika nyuma ya nyumba, na bwana wake anamuletea chai bila kumuuliza kitu, huyo bwana... Hapo akaacha kusoma. Nikasikia karatasi. Nikasikia jenereta yao inanguruma. Docteur Béata, ambaye anapenda mizaha, akasema kwamba amezoea wagonjwa wanaoshika kidonda chao, lakini hajaona bado anayeshika kaye namna hiyo. Akamuomba amuambie: kati yao wawili pale, mugonjwa ni nani? Halafu pale radio wakaweka wimbo wa kwaya.

Mama Ernestine alifika mbio, viatu mukononi. Alinitazama, akaanza kuosha vyombo vyangu.

Nsanzimana alirudi kwa miguu, hakuchukua pikipiki. Vumbi nyeusi ilimufika magotini. Alisimama inje ya mulango wake mwenyewe kama mugeni, akauliza kama anaweza kuniuliza kitu. Nikaitika kwa kichwa. Nilijua ataniuliza habari ya mutoto. Akaniuliza niko peke yangu tangu lini.

Mama, mimi ninayeandika maswali ya watu wakubwa, nilihesabu kwa vidole kama mutoto wa shule. Nikamuonyesha vidole saba, miezi yote ya ndoa yetu. Akaketi pale pale kizingitini, na mimi nikaketi upande wa ndani.

Jana aliniuliza kama chumvi inatosha. Alikuwa anatoka jasho. Nilimujibu imezidi. Bado anauliza kama mutu anayekanyaga mawe ya volkano ambayo hayajapoa. Lakini ameomba nifunge barua hii na swali lake yeye, aliloliandika mwenyewe katika kaye: kwenu, mutoto wa kwanza hupewa jina na nani? Umutumie jibu kwa mukono wa Kakule akirudi, tafadhali. Atakuwa anangojea.

Salimia papa, salimia mbuzi wetu. Ukisali usiku, utaje watu watatu.

Mimi binti yako anayekukumbuka kila siku,
Kaswera