Kuinuka Sakafuni

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi? Bado unakalia kile kiti kibovu cha ofisini, au mwalimu mkuu ndiye wa mwisho kununuliwa kiti pale shuleni? Mimi mzima, ila mapaja yananiuma mpaka najicheka.

Nimeanza yale mazoezi. Siku tatu kwa wiki, wiki kumi na mbili, nikitoka tu kazini kwenye duka la kuchapa. Tuko saba, vijana watupu, wote tuna mtindio wa ubongo na kila mmoja ana mwendo wake. Kuna msichana tunamwita Bosi, anamtukana mwalimu wa mazoezi kila akiongezewa uzito, halafu anamwomba maji. Tunasukuma chuma kwa miguu, tunapanda kijukwaa na kushuka, tunakaa na kusimama mpaka viti vinatuchoka.

Mwalimu alituambia siku ya kwanza bila kuzunguka: ubongo hautabadilika, misuli ndiyo itapata nguvu, na asiyetaka kusikia hivyo mlango ule pale. Kila mtu achague jambo moja analotaka kuliweza. Langu nimeshachagua, nitakuambia likikaribia.

Msalimie mdogo wangu.

Mwanao, kifungua mimba

*

Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili. Mgongo ni ule ule na kiti ni kile kile. Barua yako niliisoma nikisimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sasa sikia. Mdogo wako ameposwa! Harusi ni tarehe kumi na saba Mei. Nimepiga hesabu, wiki zako kumi na mbili zitakuwa zimekwisha. Umeona Mungu anavyopanga? Nataka uingie ukumbini kwa miguu yako, bila magongo, kutoka mlangoni mpaka meza ya mbele. Ni hatua thelathini tu, nimekwenda kuzihesabu mwenyewe. Nakutumia na viatu, vina kisigino kidogo, si kirefu.

Jikaze, mama. Nilikubeba mgongoni kwenda kliniki mpaka ukafika miaka tisa. Nilikunyoosha miguu kila jioni huku unalia na mimi nalia. Siku hiyo ni yangu pia.

Mama yako

*

Tarehe 28 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na mafua, mdogo wangu kaniambia. Viatu vimefika, vizuri kweli. Nimeviweka juu ya kabati, maana kisigino changu mwenyewe hakigusi chini, sasa hicho cha kununua kitakaa wapi? Usinune, nakutania.

Hii ni wiki ya nane. Nilianza na kilo ishirini, sasa nasukuma arobaini na tano. Ngazi za hapa kazini napanda bila kupumzika katikati. Lakini magongo hayaondoki, Mama. Nilimuuliza mwalimu, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mwezi wa tano hapana, na pengine hata baadaye hapana. Nililia kidogo, yakaisha.

Nililochagua ni hili: nikianguka, niinuke kutoka sakafuni mwenyewe, kwa magongo yangu tu, bila mtu wa kunishika. Nageuka ubavu, naegemea kiwiko, napiga magoti, naleta mguu wa kulia mbele, nashika gongo, nasukuma. Mpaka sasa naishia kwenye goti. Bosi anasema nafanana na meza iliyovunjika mguu.

Harusini nitakuja na magongo. Ukitaka nitayafunga utepe.

Kifungua mimba wako

*

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamepoa, nashukuru.

Sakafuni! Mtu anatoka jasho wiki nane anachagua sakafu? Nani anakwenda harusini kulala chini?

Nikuambie ukweli, na usinielewe vibaya. Wakwe wanajua nina mtoto mmoja. Sikukusudia. Waliuliza, nikajibu harakaharaka, nikabaki nalo. Nilisema moyoni, ukija unatembea nitawaambia ulikuwa masomoni. Ukija na magongo wataanza kuuliza damu yetu ina nini, wajukuu watakuwaje. Mimi najua na wewe unajua kwamba ulikosa hewa siku ya kuzaliwa, haina uhusiano na damu. Wao nani atakaa awaeleze siku ya harusi? Mdogo wako alinuna wiki nzima, sasa ameelewa.

Kama hujaweza kutembea, sema umebanwa na kazi. Picha nitakuletea mwenyewe.

Mama yako

*

Tarehe 26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Afya yangu ni nzuri, moyo ndio sijui.

Unataka kujua kwa nini sakafu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa umeteuliwa mwalimu mkuu na walimu wenzako wakaja nyumbani kukupongeza. Ukanilaza chumba cha nyuma, ukafunga mlango. Nikaanguka katikati ya kitanda na kabati, uso chini, mkono mmoja umebanwa chini ya tumbo. Nikagonga ukuta kwa ule mwingine. Nilikuwa nasikia vikombe, nasikia mnacheka. Nikagonga sana. Redio ikaongezwa sauti. Ulipokuja wageni walikuwa wameshaondoka na mimi nimeshajikojolea. Ukasema, "Maskini, kumbe ulianguka."

Miaka kumi na mitatu sijakuuliza, leo nauliza. Ulinisikia?

Jana nimeinuka. Sekunde arobaini na moja, mwalimu ameshika saa, Bosi anapiga vigelegele mpaka wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Nakuja harusini.

Kifungua mimba wako

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Ulifika salama? Goti linaendeleaje?

Nilikuona tangu mlangoni. Nikaona gongo linateleza kwenye zile marumaru, ukaenda chini pu! Watu wakakimbia, ukawazuia kwa mkono. Hata muziki ulizimwa. Ukageuka ubavu, ukapiga magoti, ukaleta mguu wa kulia, vile vile ulivyoniandikia. Ukumbi mzima umesimama, mimi nimekaa. Ulipofika karibu, mkwe wangu akaniinamia, "Huyu binti ni nani?" Nikamjibu, "Mwanafunzi wangu wa zamani."

Najua ulisikia. Ulinipa shikamoo kama wanavyonipa watoto wa shule, ukatoa vile viatu kwenye mkoba wako, ukaviweka mbele yangu, ukaondoka. Nilizihesabu hatua zako. Kwa magongo zilikuwa arobaini na nne.

Na lile uliloniuliza. Nilikusikia. Redio niliongeza mimi, kwa mkono wangu. Niliona haya, mwanangu, na mpaka leo sijui nilikuwa namwonea haya nani.

Nisamehe. Njoo nyumbani nikupikie. Kwa wakwe nitakwenda kusema ukweli, ukitaka.

Mama yako

*

Tarehe 15 Juni

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo.

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 2 JUNI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Goti limepona. Wiki kumi na mbili zilikwisha, ila mwalimu wa mazoezi ameniruhusu niendelee. Juzi nimeinuka kwa sekunde ishirini na nane.

Mgongo ulionibeba siusahau, wala mikono iliyoninyoosha. Nilipanga kukushukuru palepale mezani, mbele za watu, kama ningepewa kiti. Nimekasirika, na mwandiko unaona mwenyewe ulivyopinda. Kwa wakwe usiende eti kwa sababu nataka mimi. Kutaka nilitaka siku ile, nimesimama mbele yako.

Umeniita nyumbani. Nyumba hiyo ina mtoto mmoja na ameshaolewa, kwa hiyo sioni nitakuja kama nani. Nakutakia kazi njema na afya ya mgongo.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wako wa zamani